Tishio la Mtaa wa Kokoto

Ipo nchi inayoitwa Jamhuri ya Shwari. Ramani hazioneshi iliko, lakini aliyewahi kuishi humo huitambua kwa harufu ya chokaa mbichi, kwa maana hakuna mkubwa anayepita barabara ya nchi hiyo kabla mawe ya kandokando hayajapakwa nyeupe. Serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Ina wizara ya kuwalisha, wizara ya kuwahesabu, na juu ya zote ina Wizara ya Utulivu, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayeogopa bila kibali.

Mwaka mmoja Wizara ya Utulivu ilitangaza Ruzuku ya Usalama wa Mitaa. Tangazo lilisema kila mtaa utakaostahili utapewa kufuli, walinzi, semina na taa za barabarani.

Tangazo hilo lilipofika Mtaa wa Kokoto, watu walisikia neno moja tu: taa.

Mtaa ule umejengwa ukingoni mwa shimo kubwa lililochimbwa kokoto zamani. Njia ya kwenda bombani inapita kandokando ya shimo hilo, na maji hutoka alfajiri, wakati hata paka hutembea kwa kupapasa. Mama Tunu alikwishavunjika mguu pale. Mwingine alitumbukia na ndoo yake, akatolewa kwa kamba kama mbuzi. Kwa hiyo Siwema binti Mwalami, mwenyekiti wa Kamati ya Usalama, aliapa kwamba safari hii taa lazima zije, hata kama itabidi azing'oe mjini kwa meno.

Siwema alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Kamati alipewa kwa sababu siku ya uchaguzi alikuwa jikoni na hakuwepo kukataa. Hakuwa na kazi nyingi katika wadhifa huo. Wezi Mtaa wa Kokoto hawakuwepo, na sababu ya kutokuwepo kwao ilikuwa Feruzi.

Feruzi alikuwa fundi viatu. Benchi lake lilikuwa pale njia inapoingia mtaani, na nyuma ya benchi palikuwa na ubao wenye misumari. Mtu akitoka asubuhi kwenda kazini, alifunga nyumba yake akapitisha ufunguo kwa Feruzi. Mtoto akirudi shule aliuchukua, mgeni akifika aliulizia pale. Kila ufunguo Feruzi aliufunga kipande cha kamba ya kiatu kilichotoka nyumba hiyohiyo, hata usiku wa giza angekupa wako kwa kupapasa tu. Hakuna aliyekumbuka desturi hiyo ilianza lini. Baba yake Feruzi alifanya hivyo, na inasemekana babu yake alitunza funguo kabla mtaa haujawa na milango ya maana.

Ufunguo wa Siwema ulikuwa na kamba nyekundu. Nyumbani alimwacha mama yake, Bi Hadiya, aliyekuwa amezeeka na kuanza kusahau. Mlango usipofungwa kwa nje, bibi huyo angetoka kwenda kumtafuta mumewe, marehemu wa siku nyingi, na njia yake ingepita shimoni. Basi kila adhuhuri Feruzi aliacha nyundo, akaenda kufungua, akampashia uji, wakasikiliza redio pamoja mpaka taarifa ya vifo iishe, akafunga, akarudi kwenye viatu vyake. Siwema alipomwambia ahsante, alijibu, "Dada Siwema, mimi naenda kwa ajili ya redio."

*

Afisa wa Ruzuku, Bwana Pazi, alifika na gari lenye bendera mbili, moja ya taifa na nyingine ya ruzuku. Walimkalisha kwenye kiti chenye foronya. Alitoa hotuba ya kuanzisha hotuba, kisha akatoa hotuba.

"Ndugu wana-Kokoto! Utulivu si kutokuwepo kwa fujo. Utulivu ni fujo iliyosimamiwa! Swali langu ni jepesi. Mna wezi wangapi?"

Siwema alisimama, akajibu kwa fahari kidogo. "Hatuna, mheshimiwa."

Bwana Pazi alitabasamu jinsi daktari anavyomtabasamia mtoto anayeogopa sindano. "Mama, usione haya. Hapa tuko wenyewe kwa wenyewe."

"Kweli hatuna. Mwaka juzi kuku wa Shaweji alipotea, tukakuta aliliwa na kenge."

"Kenge huyo yupo?"

"Alishakufa."

"Pole sana," alisema Bwana Pazi, na ilionekana amesikitika kwa dhati. "Sasa nisikilizeni. Ruzuku ni ya kuzuia uhalifu. Pasipo uhalifu tutazuia nini? Wenzenu wa Mtaa wa Bondeni wana wezi wanane, mmoja ana cheti. Taa zao zinawaka mpaka mchana. Nyinyi mmekaa, mmebweteka na uaminifu, halafu mnataka taa!"

Watu waliinamisha vichwa. Walikuwa hawajui kwamba walikuwa nyuma kiasi hicho.

Shaweji mwenye duka, mjumbe wa kamati, alijitolea kusema kwamba mpwa wake aweza kujifunza. Bwana Pazi alimshukuru, akasema mafunzo yana fungu lake na limekwisha. Kisha akashusha sauti.

"Kanuni haidai mwizi aliyekwisha kuiba. Tishio linatosha. Niambieni, nani hapa, akiamua leo, anaweza kuingia nyumba zote?"

Kila mtu alimjua mtu huyo, na kila mtu alitazama kucha zake. Shaweji alikohoa. Mama Tunu aliusogeza mguu wake mbovu, na gongo likaanguka sakafuni kwa kishindo. Siwema alilitazama lile gongo. Akaliona shimo. Akamwona mama yake akitembea gizani.

"Labda Feruzi," alisema.

Alisema "labda". Baadaye alijishikilia sana kwenye neno hilo, ila Bwana Pazi hakuliandika.

"Ni jina tu la kwenye karatasi," Shaweji aliharakisha. "Feruzi mwenyewe atacheka."

"Atacheka kabisa," alisema Mama Tunu.

"Atajulishwa na mwenyekiti," akamaliza Bwana Pazi, akafunga kalamu. "Hongereni. Kumbe mlikuwa na hazina hapa mnaikalia."

*

Kesho yake Siwema alikwenda kwenye benchi kumwambia. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Feruzi alikuwa amebana kiatu katikati ya magoti, misumari midogo midomoni, akampungia mkono.

"Dada Siwema! Nasikia taa zinakuja."

"Zinakuja, kaka Feruzi."

"Mungu akubariki. Mama Tunu amenipitia hapa, kaniangalia kama ananiaga. Nikamwambia, dada, mguu umeumia wako, mbona huruma unanionea mimi?" Akacheka, misumari ikamtoka mdomoni, akaiokota mmoja mmoja. "Ulikuwa na neno?"

Siwema alikuwa nalo.

"Sina," alisema. "Nimeleta ufunguo."

Feruzi aliupokea, akauning'iniza kwenye msumari wake, akaupigapiga kidogo utulie kama alivyozoea. Siwema aliondoka akijiambia atamweleza jioni. Jioni alijiambia kesho. Kuna watu huahirisha deni, na kuna wanaoahirisha neno, na wa pili hulipa riba kubwa zaidi.

*

Siku ya uzinduzi mawe yalipakwa chokaa, na mbuzi mmoja mweupe aliyekuwa amelala kati ya mawe akapakwa pia. Feruzi alikuwa ameamka mapema kung'arisha viatu vya mtaa mzima bure, kwa heshima ya taa. Waziri wa Utulivu aliposhuka garini soli ya kiatu chake ilifunguka mdomo, na Feruzi ndiye aliyeibandika, amepiga goti, huku waziri amemshika kichwa ili asianguke.

Waziri alihutubia. Alisema Shwari ni kisiwa cha amani, na kisiwa lazima kizungukwe na kitu. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamefanyishwa mazoezi kwa siku tatu, walijua pa kupigia. Kisha akafunua karatasi.

"Na sasa nawapongeza wana-Kokoto kwa kutimiza sharti kuu la ruzuku. Namtaja yule ambaye bila yeye tusingekuwa hapa leo. Bwana Feruzi Mwinchande!"

Feruzi alisimama. Ndivyo watu wafanyavyo wakitajwa na mkubwa. Alivua kofia, akainua mkono wenye madoa ya rangi ya viatu, akatabasamu huku na huku. Alidhani anashukuriwa kwa ile soli.

"Huyu," alisema waziri, "ndiye Tishio Rasmi la Mtaa wa Kokoto!"

Pale palikuwa mahali pa makofi. Watu wakapiga.

Siwema alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliona tabasamu la Feruzi likibaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Aliona macho yake yakipita watu, mmoja baada ya mwingine, yakitafuta wa kumwambia kwamba ni makosa. Yakamfikia yeye. Naye akagundua kwamba mikono yake ilikuwa ikipiga makofi. Alitaka kuisimamisha. Ilimaliza yale matatu ya mwisho, ya haraka haraka, kama walivyofundishwa.

*

Jioni ile Feruzi alipita nyumba kwa nyumba akirudisha funguo. Hakugombana na mtu. Kwa Siwema alipiga hodi, akaukabidhi kwa mikono miwili.

"Kaka Feruzi, nilitaka kukueleza..."

"Nimeelezwa, Bi Mwenyekiti. Na kipaza sauti kilikuwa kizuri."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siwema alisimama mlangoni, ile kamba nyekundu ikining'inia kwenye vidole vyake.

Ruzuku ikaanza kushuka. Kwanza ilishukia semina, na huko ikakaa sana. Kilichobaki kilinunua walinzi wawili wenye filimbi, na kufuli kubwa la serikali kwa kila nyumba isipokuwa ya Feruzi, lenye nembo ya taifa, ambalo kila mwananchi alitakiwa kulitumia na kulikataa kulikuwa kosa. Na taa ilikuja moja. Wataalamu walishauriana ifungwe wapi, na kanuni ikawaongoza: mwanga uelekezwe kwenye tishio. Wakaisimika juu ya benchi la Feruzi, na kibao chenye neno TISHIO. Njia ya bombani ilibaki na giza lake.

Feruzi alipofungasha nyundo zake ahamie kwingine, Bwana Pazi alimtuma Siwema. Kanuni ilisema tishio likiondoka, ruzuku inaondoka nalo.

"Bwana Pazi anasema awamu ya pili italeta taa za njiani," alisema Siwema, akiiambia ile nyundo. "Naomba usituangushe."

Feruzi alimtazama. "Mama yako amekunywa uji?"

"Namwachia kwenye chupa."

"Chupa hana nguvu ya kuifungua," alisema Feruzi, akafungua tena mfuko wake, akakaa.

Akakaa hivyo kila siku, chini ya taa inayowaka saa sita mchana. Viatu waliendelea kumletea, ila walivitupa benchini wakaondoka upesi. Siku za ukaguzi Bwana Pazi alikuja kumtazama, akaandika: "Tishio lipo, lina afya."

Bi Hadiya naye, kila Siwema aliporudi, alikuwa na swali moja. "Mbona Feruzi haji?"

"Ana kazi nyingi, mama."

"Mmemkosea nini?"

Akili yake ilikuwa imesahau kifo cha mumewe na majina ya wajukuu, lakini hapo haikusahau.

*

Siku moja Siwema alirudi akakuta kufuli limefungwa vizuri na redio haipo.

"Amekuja mtu akaichukua," alisema Bi Hadiya bila wasiwasi. "Nikadhani anaipeleka kutengenezwa. Kanisalimia vizuri tu."

"Nani, mama?"

"Simjui."

"Siyo Feruzi?" Swali hilo lilimtoka Siwema kabla hajalipima, na mama yake akamkazia macho.

"Nimekwambia mtu aliingia tu. Feruzi hupiga hodi. Hata ufunguo akiwa nao mkononi, hupiga hodi kwanza. Wewe umelelewa na nani?"

Majirani walikuwa wamesikia, na habari zilikuwa zimeshatangulia. Siwema alipofika kwenye benchi, walinzi walikuwa wamemshika Feruzi huku na huku, filimbi midomoni, na mtaa mzima umezunguka. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Walikuwa wamelitazama neno TISHIO lililoandikwa juu ya benchi lile kwa miezi, na jicho nalo lina tabia ya kuamini kinachorudiwa.

"Nilijua tu!" alisema Shaweji, ambaye hakuwahi kujua.

Bwana Pazi alifika amevaa suti ya sherehe. "Hongereni!" alipaza sauti kabla gari halijasimama. "Uhalifu wa kwanza! Mradi umezaa matunda! Mwenye mali yuko wapi? Mama, wewe sema tu kwamba unamtuhumu, na awamu ya pili nimeshaileta mfukoni. Taa kumi na mbili. Njia yote mpaka bombani!"

Mama Tunu, ameegemea gongo lake, alimtazama Siwema kwa macho ya kuomba. Ilikuwa neno moja tu. Lingine kama hilo alikwishalisema, na halikumuua.

Feruzi hakumwangalia. Alikuwa anaangalia jozi ya viatu vya Bi Hadiya vilivyokuwa pembeni ya benchi, ameshavishona, vinasubiri mtu wa kuvichukua.

"Simtuhumu," alisema Siwema.

"Sauti, mama."

"Nasema simtuhumu! Mlango haukuvunjwa. Kufuli limefunguliwa kwa ufunguo, kisha likafungwa. Na katika mtaa huu mzima mtu asiye na ufunguo wa serikali ni mmoja. Nyinyi wenyewe mmemnyima, kwa kuwa ni tishio."

"Ana ufunguo wako wa zamani," alidakia Bwana Pazi.

"Alinirudishia. Na huo haufungui kufuli la serikali." Alichomoa ufunguo wa serikali shingoni, akatembea mpaka nyumba ya jirani, nyumba ya Shaweji, akautia kwenye kufuli lenye nembo. Alikuwa na shaka hiyo tangu wiki ile aliyokosea mlango kwenye giza la alfajiri, akafungua kwa Mama Tunu, akafunga upesi bila kumwambia mtu.

Kufuli likafunguka.

Akaenda nyumba ya pili. Likafunguka. Ya tatu. Watu wakaanza kutoa funguo zao, wakajaribu mlango huu na ule, na mtaa mzima ukajaa sauti ya makufuli yakifunguka, ta, ta, ta, kama mvua inayoanza juu ya bati. Mzabuni alikuwa amenunua makufuli ya aina moja kwa bei ya jumla, na ufunguo wa mmoja ulikuwa ufunguo wa wote.

Halafu sauti zikakoma. Watu wakabaki wamesimama kila mmoja mbele ya mlango wa mwenzake, ulio wazi, na ufunguo mkononi. Hakuna aliyejua aanze kumtazama nani.

"Mimi ndiye niliyemtaja," alisema Siwema. "Hajaiba kitu maisha yake. Tulitaka taa."

Bwana Pazi alikuwa akipiga hesabu kwa vidole. Uso wake ukaanza kuchanua taratibu.

"Mama," alisema, "maana yake ni kwamba kila mtu hapa anaweza kuingia kila nyumba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kila mmoja wenu ni tishio!" Akamkumbatia dereva wake. "Mtaa mzima! Bondeni na wezi wao wanane wakajifiche! Andika, kijana, andika wote!"

*

Taa zilikuja. Wizara haikukosea safari hii, maana kanuni ni kanuni: mwanga uelekezwe kwenye tishio, na tishio lilikuwa kila mlango. Mtaa wa Kokoto leo unang'aa kuliko ikulu. Njia ya bombani inaonekana hadi kokoto moja moja, na tangu hapo hakuna aliyetumbukia shimoni. Redio haikupatikana. Kila mtu anajua si yeye aliyeichukua, na hana hakika na mwingine yeyote.

Feruzi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekosa ufunguo, alifutwa katika orodha akapewa hati ya Raia Asiye na Madhara, yenye muhuri, kwenye karatasi ngumu nzuri. Aliipima kwa macho, akaikata soli mbili za ndani, zikatosha viatu vya Bi Hadiya.

Siku moja asubuhi Siwema alikwenda kwenye benchi. Alikuwa amerudishia mlangoni kufuli lake la zamani, kosa au si kosa, na mkononi alishika ufunguo wenye kamba nyekundu. Ubao wa misumari bado ulikuwepo, mtupu.

"Fundi," alisema. "Nimeleta ufunguo."

Feruzi aliweka chini kiatu alichokuwa nacho. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri kama angekuwa nayo.

"Karibu, Bi Mwenyekiti. Una kiatu?"

"Sina kiatu. Ni ufunguo. Mama anakuulizia kila siku."

"Msalimie sana. Mwambie nitapita Ijumaa, wewe ukiwepo nyumbani. Nitapiga hodi."

"Mimi Ijumaa niko jikoni mpaka jioni, wajua."

"Basi jioni," alisema Feruzi kwa upole, akakishika tena kiatu chake.

Siwema alisimama kidogo. Mahali pa kupigapiga ule ufunguo ili utulie palikuwa pale, msumari wa tatu kutoka kushoto. Hakuthubutu kuutundika mwenyewe. Akauvaa shingoni, akaondoka kwenda shule. Kamba ilikuwa ndefu, na kila hatua ufunguo ulimgonga kifuani. Ingawa kulikuwa kumekucha, taa zote za mtaa zilikuwa bado zinawaka, na kila aliyekutana naye njiani aliinamisha macho, naye akainamisha yake.